Mwongozo kwa Mwindaji Asiyekosea

Tuseme wewe ni mwindaji wa Pennsylvania, Marekani, na msimu uliopita ulimkosa kulungu dume aliyekusimamia ubavu wazi, yadi 80 tu. Akakutazama, akaondoka zake kwa mwendo wa arusi. Macho yako ni mazima. Mkono haukutetemeka. Anabaki mshukiwa mmoja: kitako cha bunduki.

Tumtendee haki mshukiwa, sifa zake si nzuri. Kitako cha mti wa jozi kinapendeza, lakini mti ni mti. Unyevu wa vuli huuvimbisha, joto la nyumbani huusinyaza, na ukivimba huweza kuusukuma mtutu upande. Chuma nacho kisipokaa sawasawa ndani ya mti, husogea kila bunduki inapopiga teke, na risasi inayofuata huenda inakotaka. Dawa yake inajulikana: unachimba mti kidogo, unatia gundi ya epoksi, unakilaza chuma humo, na gundi ikikauka inashika umbo la chuma chenyewe. Mafundi wa bunduki ndiyo kazi yao. Lakini wewe una meza ya jikoni, ya nini kuwalipa?

Anza usiku wa Alhamisi ya sikukuu ya Thanksgiving, wageni wakishashiba. Tangu mwaka 2019 msimu wa kulungu kwa bunduki Pennsylvania hufunguliwa Jumamosi inayofuata, na gundi hizi kwa kawaida hutaka kama saa 24 zikauke. Muda unatosha kabisa, mradi usikosee chochote.

Toa risasi. Kisha hakikisha tena kwamba umezitoa. Hapo tu ndipo mwongozo huu hauna mzaha.

Fungua skrubu, tenganisha chuma na mti, ushike patasi. Chimba pale linapoegemea jino la chuma, lile linalobeba teke lote. Fundi angeondoa milimita mbili hivi akatosheka. Wewe huna haraka. Acha utakapoona mwanga upande wa pili.

Sasa gundi. Epoksi haichagui: inashika mti, inashika chuma, inashika kidole na kitambaa cha meza alichokileta mama mkwe. Ndiyo maana chuma hupakwa kwanza kitu cha kuzuia kunata: nta, au hata kiwi ya viatu. Matundu huzibwa kwa udongo laini wa watoto kuchezea. Jino huzungushiwa utepe mbele, pembeni na chini, ili lipate nafasi ya kutoka. Nyuma haliwekwi kitu, kwa kuwa hapo ndipo linapoegemea. Watu hupaka kwa bidii sehemu zote zinazoonekana. Gundi yenyewe hupenda zisizoonekana: meno ya skrubu, tundu la pini, pembe za triga. Ikiingia humo ikakauka, hongera, una bunduki ya kipande kimoja.

Nyundo isubiri. Kwanza iingize bunduki kwenye friza kwa saa kadhaa. Chuma hujikunyata kwa baridi, na mara nyingi huachia. Itabidi mabaki ya bata mzinga yatoke. Andaa mapema jibu la swali la mama mkwe, maana “ni kitako tu, mama” halitatosha.

Ikitoka salama, pitisha noti ya dola moja kati ya mtutu na mti, kuanzia mbele kwenda nyuma. Ikikwama, zungushia msasa kwenye kijiti ukwangue mti. Noti ya dola 100 ingefaa vilevile, unene ni uleule, ila ya dola moja ndiyo iliyobaki baada ya kununua gundi.

Kazi ikifaulu, na bunduki yenyewe ikiwa nzuri, risasi tatu zinaweza kukaa ndani ya inchi moja kwa yadi 100. Hapo ndipo penye hatari ambayo hakuna anayekuonya: mshukiwa wako ameachiwa huru. Ukimkosa kulungu wa Jumamosi utamlaumu nani? Upepo? Kwa yadi 80? Fikiri vizuri kabla hujafungua kopo la gundi. Kitako kibovu kimewatunzia heshima wanaume wengi.

Na kama imegoma hata baada ya friza, ipeleke kwa fundi Jumatatu. Usijisumbue kumweleza ulichofanya, ataona mwenyewe.