Namsifu mpiga kelele wa juu ya jiko

Feni ya kuvuta moshi katika trela yetu haijui kunong'ona. Ukiiwasha hukwaruza kwanza, halafu hutetemeka, halafu hunguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na watu wawili waliokaa meza moja hulazimika kupaza sauti ili wasikilizane. Chujio lake likichafuka, hudondosha matone meusi ya mafuta kando ya sufuria. Tukisahau kukaza kifuniko chake cha nje, hupigapiga ukuta wa bati usiku kucha. Mke wangu ameniambia mara nyingi, "Baba watoto, zima hilo dude tule." Mimi naisifu, na naisifu kwa moyo mweupe.

Trela yenyewe ni Shasta ya mwaka 1963, mojawapo ya vile vijumba vya kukokotwa na gari ambavyo Wamarekani walivipenda sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakaenda navyo kupiga kambi maziwani na milimani. Ina urefu wa futi 16, na ubavuni kwa nyuma ina mabawa ya alumini ambayo wapenzi wa trela za zamani huyatambua kwa mbali. Ndani, chumba cha kulala ndicho jiko, na jiko ndilo sebule. Aliyelala kitandani anakaribia kuweza kukoroga mchuzi bila kuinuka.

Nyumbani Dar es Salaam kitunguu kikiungua, moshi hutokea dirishani ukasahaulika. Kwenye trela hauna pa kwenda. Na tatizo kubwa si moshi unaouona. Gesi ya propani inapoungua huzaa maji: kilo 1 ikiisha yote, hewani huingia takribani kilo 1.6 za mvuke. Hapo hujahesabu mvuke wa wali, wa chai, wala pumzi za watu wanne waliojifungia humo kwa sababu nje kuna baridi. Mvuke huo ukigusa bati baridi hurudi kuwa maji, nayo hujipenyeza kati ya alumini ya nje na plaiwudi ya ndani, zilipo mbao zinazoshikilia kijumba kizima. Mbao huanza kuoza kimyakimya. Anayenunua trela ya zamani hubonyeza pembe zake kwa kidole gumba, na kidole kikizama, anajua kwamba chini ya rangi nzuri hakuna nyumba tena. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tulijifunza hilo Oktoba moja, kando ya Ziwa Superior, Amerika Kaskazini. Nilichemsha maharage kwa saa mbili, feni ikiwa imezimwa ili watoto walale. Asubuhi madirisha yalikuwa yakitiririka, ukuta wa upande wa kitanda umelowa, na godoro limenywa maji kwa chini. Tulikaa siku nzima tukianika vitu kwenye jua lisilo na joto. Tangu siku hiyo sijapika tena feni ikiwa imelala.

Kuna hatari nyingine, kubwa kuliko ya mbao kuoza. Moto wa gesi ukikosa hewa ya kutosha, mwali wa buluu huweza kugeuka manjano na kutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Feni husaidia kuitoa nje, lakini haiwezi kutoa hewa mahali ambapo nyingine haiingii, kwa hiyo dirisha moja liachwe wazi kidogo hata kukiwa na barafu. King'ora cha kaboni monoksidi nacho kiwepo, na jiko lisigeuzwe kuwa kipasha joto cha chumba.

Ndiyo maana huniuma kuona watu wakizikarabati trela hizi kwa mapenzi makubwa, kisha wakaziba tundu la feni ukutani ili bati lipendeze. Mahali pake huweka feni tulivu yenye chujio la mkaa, isiyo na njia ya kutokea nje. Mkaa hupunguza harufu, lakini mvuke na kaboni monoksidi hupita ndani yake na kurudi kwa mpishi.

Kelele zenyewe zina dawa kiasi. Chujio letu ni la wavu wa alumini. Mimi hulilowesha katika maji ya moto yenye sabuni, likatoka linang'aa. Siku nilipokata umeme wa betri na kufuta mapanga ya feni, niliondoa utandu mzito wa mafuta yaliyoganda, na mngurumo ukapungua karibu nusu. Nusu iliyobaki ni sauti ya hewa chafu ikitoka. Mke wangu sasa huiwasha feni mwenyewe kabla hajawasha kiberiti.

Ukinunua trela ya namna hii, usianze na rangi wala mapazia. Zunguka nje, tafuta kile kifuniko kidogo ukutani, ukifungue, uondoe viota vya nyigu vilivyomo, kisha ingia uwashe feni. Ikinguruma, isafishe na uiache mahali pake.