Bibi wa Italia na Muhuri wa Kondoa

Mke wangu humwita "yule bibi." Nimemweleza mara nyingi kwamba huyo si bibi, ni mwanamume kamili, aliwahi hata kupigana vitani juu ya farasi, jina lake Dante Alighieri, mshairi wa Kiitaliano aliyezaliwa Florence mwaka 1265. Maelezo hayamwingii. Yeye anatazama stempu tu. Anaona kofia nyekundu iliyofunika masikio, pua iliyopinda kama mundu, midomo iliyobanwa kwa hasira, kisha anatoa hukumu: "Huyu ni bibi kizee aliyenyimwa ugoro." Tangu aliposema hivyo, na mimi kila nikimtazama mshairi wangu naona ugoro.

Ninakusanya stempu na bahasha za Dante. Ukitaka kujua Kondoa ina wakusanyaji wangapi wa stempu za Dante, nihesabu mimi, halafu funga daftari.

Ugonjwa wenyewe niliupata utotoni. Mapadri Wapasionisti kutoka Italia waliingia Dodoma miaka ya 1930, na barua za kwao ziliwafuata mpaka huku kwetu. Mimi nilikuwa mtoto wa madrasa, lakini bahasha haina dini, na kazi yangu ilikuwa kupeleka mayai misheni. Siku moja padri mmoja mzee, juu ya bei ya mayai, aliniongezea kipande cha bahasha chenye stempu. Akaigusa kwa kidole na kusema, "Poeta." Ni "mshairi" kwa Kiitaliano, lakini mimi nikaamini ndilo jina lake. Mpaka namaliza darasa la saba nilimjua kama Bwana Poeta, nikidhani ni mjomba wake padri.

Nilipokuja kupata akili nikagundua kwamba huyu mjomba ana stempu dunia nzima. Mwaka 1921, miaka 600 tangu afie Ravenna, Italia ilimtolea stempu tatu: ya senti 15, ya 25 na ya 40. Mwaka 1965, miaka 700 tangu azaliwe, wakamtolea nne, Vatikani nne, Urusi ya Kisovieti nayo ikatia yake, na Marekani ikatoa ya senti 5 iliyouzwa mara ya kwanza Julai 17 mjini San Antonio, Texas, mji ambao Dante hakuwahi kuuota. Mwaka 2021, miaka 700 tangu afe, wakaanza upya. Na huyu ni mtu ambaye Florence ilimfukuza mwaka 1302 na kutangaza kwamba akirudi atachomwa moto akiwa hai. Waliotaka kumchoma ndio hao hao waliokuja kumlamba mgongo ili barua ifike.

Hayo niliwahi kuyaeleza barazani kwa fundi cherehani, tunapokunywa kahawa baada ya alasiri. Wazee walitaka kujua aliandika nini hata akawa maarufu hivyo. Nikasema aliandika utenzi wa safari ya ahera, nyimbo 100: 34 za Motoni, 33 za Toharani, 33 za Peponi. Tena aliacha Kilatini cha wasomi akaandika kwa lugha ya mtaani kwao, sawa na mtu wa hapa aandike kwa Kirangi huku wenzake wanajikakamua kwa Kiingereza. Hilo liliwapendeza. Nikaongeza kwamba Moto wake una duara tisa, na ukifika chini kabisa hakuna moto, kuna barafu, na Ibilisi mwenyewe amenasa humo hadi kifuani.

Mzee mmoja akavuta koti lake. "Basi huyo bwana alipita Kondoa mwezi wa saba."

Mwingine akauliza kama mshairi huyo ana faida yoyote leo. Nikamjibu kwa fahari kwamba sura yake imo kwenye sarafu ya euro 2 ya Italia. Barazani pakawa kimya. Kisha fundi, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, akaniuliza swali ambalo sijalipatia jibu mpaka leo: "Sasa wewe kwa nini unakusanya stempu zake na hukusanyi sarafu?"

Nihamie kwenye mkasa wa kanga, maana najua umeshazungumziwa mtaani bila mimi kuwepo.

Stempu iliyotumika huondolewa kwenye karatasi kwa maji ya uvuguvugu. Unakata pembe ya bahasha, unailaza kwenye beseni, gundi inalegea, stempu inajivua yenyewe kama nyoka, kisha unaianika. Nilikuwa nimepokea pakiti ya stempu za 1965, zote zikiwa bado zimeng'ang'ania karatasi. Nikachukua beseni la kuoshea mchele (hilo nalo lilikuwa na kesi yake, tuliache), nikaloweka, nikabandua, nikazipanga juu ya gazeti kwenye ungo, nikauweka ungo uani penye jua. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa tisa. Mtu aliyezaliwa nyanda hizi anajua saa saba mchana mwezi wa tisa kuna nini. Mimi nimezaliwa hapa na nilisahau.

Kisulisuli kilianzia barabarani. Nilikiona kikija, chembamba, chekundu, kimebeba mifuko ya plastiki na majani makavu, kikikata kona kama mtu anayejua anakokwenda. Kikaingia uani kwangu, kikanyanyua gazeti kwa adabu, kikapandisha Dante kumi na mmoja angani, kikavuka ukuta wa jirani na kuondoka zake.

Saba niliwaokota kwenye mashina ya mihogo. Wawili alikuwa amewapata mbuzi kabla yangu. Mmoja sijamwona mpaka leo. Wa kumi na moja, yule wa San Antonio, niliyemtafuta miaka mingi, nilimwona kwa mbali akiwa amebanduka na kujibandika tena: amenata kwenye kanga mbichi ya mama jirani, iliyokuwa kwenye kamba, katikati kabisa ya mji wa kanga, palipo na maua makubwa. Juu yake maandishi: JIRANI MACHO YAKO YANANICHOSHA.

Nilipaswa kubisha hodi. Lakini mkusanyaji akiona stempu mbichi inakaukia kwenye kitambaa cha pamba hafikirii hodi. Anafikiria meno ya stempu, vile vitundu vya pembeni, maana likikatika jino moja thamani imekwenda. Nikaruka ukuta. Mkononi nilikuwa na kibano cha mke wangu cha kung'olea nyusi, ndicho ninachotumia kushikia stempu. Nikainama mbele ya kanga, uso umekaribia kitambaa kwa upana wa vidole viwili, nimebana pumzi, nikaanza kubandua taratibu.

"Shemeji," sauti ikatoka nyuma yangu, "umepoteza nini?"

Alikuwa mwenye nyumba, mume wa mama jirani. Nikamwambia, bila kugeuka, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye jino la tatu: "Namtoa Mwitaliano."

Duara la pili la Moto wa Dante lina wazinzi, wanapeperushwa na upepo usiotulia milele. Habari hiyo sikumpa jirani siku ile. Nilimpa stempu aione. Akaiangalia muda mrefu, akaniangalia mimi, akaiangalia kanga. "Kwa hiyo ni huyu bibi?" akasema. Nikakubali ni bibi. Ilikuwa salama zaidi.

Dante wa San Antonio alinusurika, ila rangi ya kanga ilimwingia, na sasa ana waridi shavuni. Nikajipa moyo mbele ya mke wangu. Nikamwambia katika ulimwengu wa stempu kosa ni mali. Nikamtolea mfano wa Zanzibar: baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, stempu zilizokuwa zimebaki posta zilikuwa na sura ya Sultani, na stempu mpya hazichapishwi kwa siku moja, basi wakachukua mihuri ya mkono wakagonga juu yake JAMHURI 1964. Mkono ni mkono. Nyingine ziligongwa upande, nyingine juu chini, nyingine mara mbili. Leo zile zilizokosewa ndizo wakusanyaji wanazozigombania.

"Kama makosa ni mali," mke wangu akasema, "nyumba hii ingekuwa na lifti."

Sitaki kurefusha habari ya mafuta ya alizeti. Yatosha kusema kwamba huku kila nyumba ina dumu la alizeti, kwamba dumu letu lilikaa rafu ya juu na albamu rafu ya chini, na kwamba kifuniko sikukifunga mimi. Au nilikifunga nusu. Karatasi ikinywa mafuta inakuwa kama kioo, na stempu za zamani za Italia zina taji lililofichwa ndani ya karatasi, alama ambayo wataalamu huitafuta kwa dawa maalumu. Mimi nililiona taji hilo vizuri sana, kwa mafuta ya kukaangia.

Halafu ikaja barua kutoka Ravenna.

Kupitia kwa mtu wa misheni nilikuwa nimeunganishwa na mwalimu mstaafu wa huko, mkusanyaji mkubwa, na tulikuwa tumeandikiana mara mbili tatu. Safari hii aliandika kwamba zile stempu tatu za 1921 anazo, zikiwa zimebandikwa pamoja kwenye bahasha nzima, na yuko tayari kunipa. Nilikaa chini. Fedha haitaki. Anataka kitu kutoka kwangu, kwa sababu nimebahatika kuishi mahali ambapo wakusanyaji wanapaota.

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili kuhakikisha anazungumzia Kondoa.

Anakusanya mihuri. Anataka bahasha yoyote ya zamani, nzima, isiyoguswa, yenye muhuri wa Kondoa Irangi, ya enzi ya Wajerumani au ya Waingereza. Na kama kuna iliyotoka kambi ya wakimbizi wa Kipolandi waliowekwa hapa wakati wa Vita Kuu ya Pili, atalia machozi. Bahasha iwe nzima, alirudia, na chini ya neno "nzima" alikuwa amepiga mstari. Stempu iliyobanduliwa, alieleza kwa upole wa mwalimu, ni karatasi ya rangi tu. Bahasha nzima ndiyo inayosema barua ilitoka wapi, lini, ilipita posta gani na ilifika siku gani, kwa sababu zamani walikuwa wakigonga na muhuri wa kufikia kwa nyuma. Akamalizia kwa kuuliza: je, katika familia yangu hakuna mtu aliyehifadhi barua?

Babu yangu alikuwa karani. Alikuwa na kasha la bati la biskuti, limejaa barua kutoka Tanga, Tabora na Dar es Salaam, miaka na miaka ya barua, zimefungwa kwa kamba ya katani kwa mpangilio wa tarehe, maana alikuwa karani hata nyumbani. Nyuma ya kila bahasha kulikuwa na kiduara cheusi. Nakikumbuka kiduara kile. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nimeshaambukizwa na Bwana Poeta, babu alikuwa amefariki, na nyanya akaniambia kasha lile chukua, mjukuu wangu, uchezee.

Nikachukua mkasi.

Nilikata pembe zote. Nililoweka zote, nikabandua wafalme wa Kiingereza wa kila rangi, stempu za kawaida kabisa, ambazo leo ukienda nazo kwa mwenye kujua anakurudishia zote na kukupa pole. Na bahasha zenyewe, zenye viduara vyeusi nyuma? Nyanya aliziwashia jiko kwa wiki mbili. Nakumbuka zilishika moto vizuri. Nilikula ganda nikatupa ndizi, tena kwa bidii, nikiwa nimetoa ulimi nje.

Sikumwandikia mwalimu wa Ravenna habari hiyo. Nilimwandikia kwamba ninaendelea kutafuta, kauli ambayo si uongo. Wakati huohuo nikaona nimtengenezee hata muhuri wa leo. Nikanunua bahasha tano nzuri na stempu, nikaandika mbele yake jina langu na sanduku langu la posta, nikaenda dirishani nikaomba zigongwe taratibu, muhuri usomeke. Dada wa dirishani akasoma jina la mpelekewa, akasoma jina la mtumaji.

"Mzee, unajiandikia mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na hapa ndani mna nini?"

"Hamna kitu."

Aligonga kwa uangalifu mkubwa, kila muhuri duara kamili, KONDOA inasomeka herufi kwa herufi na tarehe yake. Kazi safi. Akanionyesha, nami kwa furaha nikazipapasa kwa mkono wa shati kukausha wino. Ndiyo, zote tano.

Sasa mtaani inajulikana kwamba ninajitumia bahasha tupu, kisha ninangoja wiki nzima, kisha ninakwenda kuzichukua kwenye sanduku nikitabasamu. Jirani wa kanga ameacha kunishuku. Ananihurumia, na mke wake akikutana nami hunisalimia kwa sauti ya juu na polepole, kama anavyosalimiwa mgonjwa.

Bahasha ya 1921 bado iko Ravenna. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama uko Kolo, Pahi, Haubi, Bereko au popote ambako babu alikuwa karani, mwalimu, katekista au mtu wa kutunza barua tu, nakuomba ukainue lile godoro, ukafungue lile kasha la bati. Ukikuta bahasha, ziache zilivyo. Maji weka mbali. Mtoto mnyang'anye mkasi. Halafu uliza posta ya Kondoa mtu anayejiandikia barua, watakuonyesha kwangu.