Punda Ndiye wa Kukaguliwa

Hapa Shela, anayenunua punda humfunua kinywa atazame meno, humnyanyua kwato, humtembeza hadi ufukweni na kurudi. Ushamba huo! Tableti ya mtumba ina adabu zake. Muungwana huipokea magharibi imeingia, betri imekwisha, hutuma pesa kwa M-Pesa, ndipo akauliza habari ya chaja. Kubonyeza *#06# ili kuona namba ya IMEI ni kumvunjia mwenzio heshima; kudai risiti ni sawa na kumwapisha msikitini. Ikiwaka ikataka nenosiri la akaunti ya Google usiyoijua, shukuru: umenunua tableti, umeongezewa na ukoo. Muuzaji? Keshavuka Manda kupanda ndege. Mtu mwenye shughuli nyingi hivyo si wa kusumbuliwa.