Jinsi ya Kuutaja Uchafu Ukiwa Moshi

Kwanza liweke kando neno lenyewe, uchafu. Ni pana mno. Linafunika vumbi la mtaa wa Pasua na sumu iliyomo kisimani kwa pamoja, kisha linatuacha tukidhani ufagio mmoja utatosha.

Tazama mahali kabla ya kutazama kitu. Mavi ya ng'ombe barabarani ni mavi, na mwenye ng'ombe aone haya. Yasogeze hatua ishirini hadi kihambani, chini ya migomba, yanaitwa samadi, na jirani anakuja kuomba ndoo mbili. Udongo uliolala chini ya mibuni ni urithi wa ukoo. Masika yakiuteremsha njiani ni tope, na jua likiukausha ukapaa hadi kwenye kanga zilizoanikwa, ni vumbi. Majivu kwenye shuka yanaudhi, lakini ndiyo hayo yanayosugua masizi ya sufuria. Kule juu ya Kilimanjaro, kileleni Kibo, ndani ya kreta ya Reusch, kuna shimo kubwa la majivu, na sijasikia mtu akiuita mlima mchafu. Hata mji wetu umebeba jina la kitu kinachochoma macho na kutia weusi dari, nao umeshinda mara kadhaa mashindano ya usafi.

Neno taka litunze kwa kile kilichotupwa na mtu. Najisi waachie wenye sheria yake: sahani iliyobeba kitimoto, hata ikioshwa ikang'aa, jirani yako Mwislamu ana haki ya kuikataa, na sabuni yako si jibu.

Kwenye maji nenda polepole, maana hapa neno likikosewa mtu anaugua. Mvua ikinyesha mlimani, maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, huja mekundu. Yaite machafu, yaache ndooni yatuame, mashapo yatakaa chini. Lakini msimu wa kumenya kahawa, maji yaliyooshea buni yakimwagwa mtoni na utelezi wake, huchacha, na uozo ule hula hewa ambayo samaki wanaitegemea. Hayo usiyaite machafu tu. Sema yamechafuliwa. Silabi hizo chache za nyongeza zina kazi: machafu hayana mkosaji, yaliyochafuliwa yana mtu aliyeyachafua, na mtu huyo anaweza kuitwa kwenye kikao cha mfongo akaulizwa.

Kisha kuna maji yanayong'aa kama kioo huku yamebeba kipindupindu. Kiswahili chetu kinatuponza hapa, kwa sababu neno safi tumeliachia jicho liamue. Napendekeza kwa moyo wote: yanayoonekana vizuri yaite maangavu, na neno salama lisubiri mpaka sufuria ichemke.

Hata hivyo sufuria haimalizi yote. Baadhi ya visima na chemchemi za Kilimanjaro na Arusha zina floraidi kupita kiasi. Hakuna aliyeimwaga, imetoka kwenye miamba ya volkano. Haina rangi, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi: maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki palepale. Maji hayo si machafu, wala hayajachafuliwa na mtu. Sema tu kwamba yana floraidi nyingi, hata kama sentensi inakuwa ndefu.

Nasisitiza kwa sababu ya watoto. Anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka chini ya ufizi anaweza kuota meno yenye mabaka ya kahawia. Rangi hiyo imo ndani ya jino, mswaki hauifikii. Nimewaona wakicheka huku wameziba mdomo kwa kiganja, kwa kuwa mtu mzima fulani aliwaambia wana meno machafu. Ukikutana na mmoja wao, sema meno yake yana madoa ya maji, na useme kwa sauti, wenzake wasikie.