Jinsi ya Kukata Ramani ya Mwenzako na Bado Akakuitikia Salamu

Ramani ya jengo ni ya msanifu. Wewe wa umeme, au wa mabomba, umeiazima tu. Tangu toleo la 11 la programu ya kuchorea ya AutoCAD, mwaka 1990, huna haja ya kuinakili: unaiunganisha kwenye mchoro wako kama eksirefu (xref, rejeo la nje), na msanifu akihamisha ukuta, ukipakia upya unahama na kwako. Ni neema. Wanaoigeuza balaa wapo, usijiunge nao.

1. Unganisha kwa adabu. Chagua Overlay, ili atakayeunganisha mchoro wako asibebeshwe na ramani ya msanifu juu yake.

2. Kata, usifute. Unataka vyoo vya ghorofa ya tatu tu? Andika XCLIP, gusa ramani, chagua New boundary, kisha chora mstatili kuzunguka vyoo. Vya nje vinatoweka machoni. Kama eneo limepinda kona, lizungushie kwanza polilaini ya mistari iliyonyooka, halafu uichague iwe mpaka. Ukitaka kuficha cha ndani na kubakiza cha nje, tumia Invert clip. Fremu ya mpaka usiyotaka ichapwe, weka XCLIPFRAME iwe 2: utaiona kwenye skrini, karatasini haitokei.

3. Usijidanganye kwamba umeondoa kitu. XCLIP ni pazia. Jengo zima bado limo. Ukimpa mtu mchoro pamoja na ramani iliyounganishwa, anaandika XCLIP, anachagua OFF na kuona kila chumba. Siri ya mteja haifichwi hivyo.

4. Kabla ya REFEDIT, piga simu. Amri hii inakuwezesha kurekebisha ramani ukiwa ndani ya mchoro wako, lakini ukihifadhi kwa REFCLOSE, unaandika kwenye faili la msanifu mwenyewe. Mlango uliousogeza unasogea kwa kila anayelitumia. Basi sema: "Shikamoo mzee. Mlango wa choo unagonga sinki, niusogeze?" Akikataa, funga bila kuhifadhi. Kazi ikiwa kubwa, mwachie mwenyewe.

5. Linda cha kwako. Weka XEDIT iwe 0 kwenye faili lako, wenzako wataliunganisha ila hawatalihariri kwa REFEDIT.

Kuta, nyaya na mabomba hukutana kwenye ramani kabla ya kukutana kwenye zege. Tusiposikilizana huku, fundi atatusuluhisha kwa nyundo na tindo, na mwenye nyumba ndiye atakayelipa.