Barua za Mlimani, Majibu ya Bondeni

Safu hii, ambayo kwa hisani ya mhariri huandikwa Mikumi, pale barabara kuu iendayo Iringa inapoachana na ile iendayo Kidodi, Kidatu na Ifakara, haidai kuwa na hekima ipitayo ya watu wengine. Sifa yake ni kwamba mwandishi wake ana meza, ana miwani, na tangu alipostaafu ualimu ana wakati maridhawa wa kujitia katika mambo yasiyomhusu. Juma hili zimenifikia barua nne kutoka milima ya Vidunda, zimeandikwa na watu wanne ambao kila mmoja aniomba nisimwambie mtu, na zote nne, ajabu ya mambo, zahusu jiko moja. Mimi si mpelelezi wala si kadhi. Nimeziweka kwa taratibu ya kufika kwake, nami nazijibu hadharani, maana siri inayojulikana na watu wanne hainihitaji mimi kuihifadhi.

*Mheshimiwa Mshauri, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa mlimani, mbali na shule. Masika yalipoharibu njia nilianza kuwafundisha wanangu jikoni: kusoma, kuhesabu na katekisimu, kwenye ubao nilioupaka makaa ya betri. Naona wanaelewa, nami nimefurahi mno, hata nafikiri wasirudi shule kabisa. Lakini rafiki yangu mpenzi, niliyeimba naye sauti ya pili tangu usichana wetu, ameacha kuja kwangu. Jumapili, wakati wa kutakiana amani, alimpa mkono kila mtu kwenye benchi letu, na alipofika kwangu akageuka akaipa nguzo. Je, nimemkosea Mungu au nimemkosea yeye? — Mama Ubao*

Milele, amina, binti yangu. Nguzo ya kanisa haijapata kumkosea mtu, kwa hiyo naamini amani ile ilipokelewa vema, ingawa haikufika ilikokusudiwa.

Mintarafu ya kufundisha nyumbani, usidhani kwamba umezusha bidaa. Mtakatifu Paulo alipomwandikia kijana wake Timotheo, ambaye mapokeo ya Kanisa humtaja kuwa askofu wa Efeso, hakumsifia chuo alichosoma wala vyeti alivyopata, bali alimkumbusha imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na kisha katika mama yake Eunike. Na wanawake hao wawili, kwa kadiri Maandiko yatuambiavyo, hawakupata kulipwa mshahara wala kukaguliwa na mtu. Kadhalika tulio hai leo hatujasahau mwezi Machi wa mwaka 2020, serikali ilipozifunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, zikakaa hivyo kwa wanafunzi wa msingi hadi mwishoni mwa Juni, na kila mama kuanzia Kilosa hadi Dar es Salaam akajikuta mwalimu wa ghafla, akigundua kwa fadhaa kubwa kwamba mwanawe wa darasa la nne alikuwa akidai anajua kugawanya hali hajui. Katika hao wengi waliomwomba Mungu awafungulie shule, wewe ni wa wachache walioionja kazi ile wakaipenda. Nakupongeza, na pongezi ya mwalimu mstaafu si kitu cha kugawiwa ovyo.

Ila hilo la pili, la kwamba wasirudi shule kabisa, ndilo lililonifanya nivue miwani na kuifuta. Huko Marekani majimbo yote 50 yanamruhusu mzazi kumsomesha mwanawe nyumbani, na wako akina mama Wakristo wengi walioichagua njia hiyo kwa ajili ya imani yao, nao wana vitabu vilivyotungwa kwa kazi hiyo na sheria inayowatambua. Sisi hatumo katika habari hiyo. Sheria yetu ya Elimu ya mwaka 1978, iliyofuata mara baada ya ile azma ya Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977, yataka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie, na dhima ya kumhudhurisha imewekwa juu ya mzazi. Siku mtendaji wa kijiji atakapopanda kwako kukuuliza, usimjibu kwa Waraka wa Paulo. Yeye atakuja na daftari la mahudhurio, na Timotheo hamo.

Kwa hiyo mkubwa wako, mwenye umri wake, ashuke shule njia inapopitika, na akirudi jioni ubao wako umngoje. Wadogo wasiofikia umri wakae nawe. Nami najua utaniambia ya kwamba njia ni ndefu, udongo unateleza, na mtoto wa miaka saba aliyeondoka nyumbani kabla ya jua huwasili darasani ameloa hadi kiunoni, hawezi kushika kalamu kwa baridi. Neno hilo ni kweli tupu, wala si kweli ya kwenu peke yenu, ndiyo sababu nchi hii ina kitu kiitwacho shule shikizi, yaani madarasa machache yanayojengwa karibu na watoto wadogo walio mbali na shule mama. Katika zile fedha za mpango wa UVIKO-19 za mwaka 2021 yalitengwa madarasa 3,000 kwa ajili ya shule za namna hiyo. Shikizi haiji kwa mama mmoja mwenye ubao mmoja. Huja pale watoto wanapoonekana wengi, wazazi wakakusanyika katika mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari ukaandikwa, ukapita kwa mtendaji wa kata na kufika Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Maadamu jikoni mwako mna watoto watatu, hiyo ni familia. Wakiwa thelathini, hiyo ni hoja.

Kuhusu rafiki yako, soma jibu lifuatalo. Najua halikuandikiwa wewe. Lisome hivyo hivyo.

*Mshauri, nina rafiki yangu aliyejifanya mwalimu. Nilimwendea saa nne asubuhi na kikombe kuomba sukari, akachungulia mlangoni akasema, “Niko darasani, rudi saa nane.” Darasani! Jikoni kwake, ambamo nimempikia uji wa uzazi mara zote tatu! Wanangu nao walikuwa wamesimama uani wakisikiliza wenzao wakiimba herufi, akawafukuza ati wanawapotezea wanawe utulivu. Nimeapa sitamsemesha hadi aje aniombe radhi. Je, kiapo hiki ni dhambi? — Aliyefungiwa Mlango*

Binti yangu, umeniuliza habari ya kiapo. Nami naomba tuanze na sukari, kwa sababu ndiyo nyepesi. Ninyi mlioko huko juu mkitazama bondeni mnaona mashamba ya miwa ya Kilombero yalivyotanda hata jicho likachoka, na kiwanda ambacho tangu miaka ya 1960 hakijaacha kusaga. Na mwenye kuitazama sukari yote hiyo kwa macho hali kikombe chake kitupu anastahili huruma ya kila mtu. Katika Injili ya Luka yumo mtu aliyemwendea rafiki yake usiku wa manane kuomba mikate mitatu, akajibiwa kwamba mlango umekwisha kufungwa na watoto wamelala, naye hakuapa wala hakununa, akazidi kubisha hata akapewa. Wewe ulikwenda mchana kweupe, ukaambiwa urudi saa nane, na saa nane hukurudi. Kwa upande wa sukari, basi, hukumu yangu ni kwamba hukubisha vya kutosha.

Upande wa watoto ni jambo jingine, na hapo sina mzaha. Mama anayewafundisha wanawe katekisimu jikoni, akawafukuza wana wa jirani waliosimama uani kwa hamu ya herufi zile zile, amefundisha siku hiyo somo ambalo halikuandikwa ubaoni, na wanawe wamelielewa kuliko yote. Sisemi ana roho mbaya. Nasema ameshikwa na ghera ya ualimu, maradhi ambayo nimeyaona kwa walimu wapya miaka mingi na ambayo dalili yake ya kwanza ni kuamini kwamba utulivu ndio elimu. Imani anayo, tena ya dhati. Aliloliacha nje ya mlango ni ujirani, naye Kristo hakupata kumruhusu mtu yeyote kuchagua kimoja katika viwili hivyo. Kama yasoma safu hii macho ya mtu mwingine asiyekuwa wewe, nayatumaini yamefika hapa.

Sasa kiapo. Jumatatu na Jumamosi, mnaposali rozari, ninyi wawili hutafakari Matendo ya Furaha, na tendo la pili ni lile la Bikira Maria kumwendea jamaa yake Elizabeti. Luka asema alikwenda kwa haraka, hadi nchi ya milimani, akakaa huko kama miezi mitatu. Zingatia kwamba ilikuwa milimani, na kwamba yule aliyekuwa amebeba heshima kubwa zaidi ndiye aliyepanda njia, hakungoja afuatwe. Kila juma waomba kwa tendo hilo ujaliwe mapendo kwa jirani, kisha ukiinuka kutoka magotini wapita mbele ya nyumba ya jirani huyo umegeuza shingo. Kiapo cha namna hiyo hakikuhitaji mshauri. Kilihitaji kuvunjwa siku ile ile, na uende kuungama ukipenda.

Nenda, lakini usiende na kikombe. Nenda na kile ambacho mwenzako hana. Nimepata kusikia kwamba huimba, na mwimbaji wa kwaya aliyefundishwa kwa sol-fa, anayejua kushika do na kupanda hadi soli bila kinanda, anaweza kumfundisha mtoto kuhesabu mapigo, kusikiliza na kungoja zamu yake, mambo matatu ambayo ubao hauwezi. Mwambie achukue watoto wako pamoja na wake siku mbili katika juma, nawe uchukue wote siku moja, na siku hiyo yeye aende shambani akapalilie maharage yake, ambayo nasikia yamezama katika magugu tangu shule ifunguliwe. Hata wale mama wa Marekani niliowataja, wenye vitabu na sheria, wengi wao hatimaye wameunda vikundi vya kufundishiana watoto, kwa kuwa mwanamke aliyefungiwa na wanawe asubuhi hadi jioni, hata akiwapenda namna gani, huanza kuzungumza na sufuria.

Na mahali pa kuanzia mnapo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliazimia mwaka 1976 kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambamo majirani wa nyumba chache husoma Neno na kusaidiana. Nina hakika hawakukusudia kikao ambacho watu wawili hukaa pembe mbili za mkeka, kila mmoja akiombea “wenye mioyo migumu” na kumtazama mwenzake. Kikao kijacho, sala ikimalizika, litajeni jambo la watoto na la shule shikizi, na katibu aandike majina.

*Mwanangu Mshauri, mjukuu wangu hunijia kila asubuhi na kuniambia “gudi moning, bibi”. Shikamoo hana, na Kividunda hajui. Nikimsemesha kwa lugha yetu mama yake asema haina mtihani. Nifanye nini kabla sijafa? — Bibi wa Jiko la Pili*

Shikamoo, bibi. Kwanza usife, maana kazi bado.

Mkweo, au bintiyo, sijui ni yupi kwa kuwa hukuniambia, amesema kweli kwamba Kividunda hakina mtihani. Wala heshima haina, wala kutofautisha uyoga wa kuliwa na ule wa kuua hakuna mtihani, na nisingependa kula nyumbani kwa aliyefeli hilo la mwisho. Ninyi Wavidunda ambao ukoo hufuatwa upande wa mama, mnaujua uzito wa bibi kuliko makabila mengi. Wataalamu wamepata kuja kwenu kutoka mbali, miongoni mwao Profesa Karsten Legère wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, wakayaandika maneno yenu kwa kuhofia yatapotea. Na mjukuu wako, asiyehitaji ndege wala kibali cha utafiti, amekaa ng'ambo ya ua. Usimkaripie kwa Kiingereza chake, kitamfaa. Ingia jikoni humo wakati wa somo, keti juu ya kigoda, useme kwamba saa hii ni yako, kisha uwasimulie hadithi kwa lugha yako wala usiitafsiri. Mwalimu wa zamu akikataa, mwambie ni agizo la Loisi.

*Mheshimiwa, mke wangu siku hizi ni mwalimu. Chakula cha mchana huwa tayari saa tisa, tena maharage mabichi. Nimwambie nini? — Baba Njaa*

Ndugu yangu, nimezisoma barua tatu kabla ya yako, zenye masizi, machozi na sala, na katika hizo zote sikukuona mahali popote. Hukutajwa kwenye ubao, hukutajwa mlangoni, hukutajwa hata mtoto mkubwa alipohitaji wa kumvusha kijito wakati wa mvua. Bondeni kwenu, Kidatu, mitambo ya maji hufua megawati 204 za umeme. Mkeo asahihisha madaftari kwa koroboi, nawe umeketi nje ukinusa maharage. Injili ya Martha na Maria husomwa kila mara kuwaonya wanawake wanaohangaika na vyombo. Mimi naisoma nikijiuliza Lazaro, kaka yao, alikuwa wapi wakati chakula kinapikwa.

Usimwambie mkeo neno. Bandika maharage saa moja asubuhi, yataiva. Mtoto umpeleke shule mwenyewe siku za mvua, na kwenye mkutano wa kijiji uende ukanyoshe mkono shule shikizi inapotajwa. Kisha, kwa kuwa watoto wa jirani wanarudi na hawatakuwa na pa kukaa, tafuta mbao. Misumari inauzwa Kidodi. Benchi mbili zatosha kwa kuanzia.