Ukitaka Uinjinia wa Meli, Anza Kuchafuka

Mwanafunzi wa Kilifi au Malindi akisema anataka "kazi ya meli", kichwani ana picha moja: sare nyeupe, mabega yenye mistari ya dhahabu, miwani ya jua. Ifute. Huyo ni nahodha, na Malindi imewatukuza watu wa juu tangu 1498, Vasco da Gama alipopata hapa rubani wa kumfikisha Calicut. Injinia yuko chini, kwenye chumba kisicho na dirisha, joto limepita nyuzi 40, ovaroli imelowa jasho na dizeli, masikio yamezibwa. Meli ikifika salama anasifiwa wa juu. Ikizima katikati ya bahari anatafutwa wa chini. Ukisoma hayo na moyo bado unakudunda, endelea.

Kwanza shika fizikia na hisabati. Shangazi atakushauri uchukue masomo mepesi upate alama nzuri. Mwamkie kwa heshima, kisha rudi kwenye fizikia. Wala usichanganye uinjinia na biolojia ya bahari: ile ni elimu ya samaki na matumbawe, hii ni ya pampu, mabomba, jenereta na boila. Na ujifunze kuogelea. Tumejaa vijana waliozaliwa hatua chache kutoka ufukweni ambao maji yakiwafika kifuani wanaita mama, na mafunzo ya usalama ya baharia yatakutaka uruke majini.

Kisha nenda pwani, watalii uwape mgongo. Ngomeni, Mayungu au Malindi penyewe, boti za uvuvi zinapopaki, utamkuta fundi amefungua Yamaha ya farasi 40 juu ya gunia. Mwombe umshikie spana. Tazama anavyoitumbukiza injini kwenye pipa la maji baridi na kuiacha ingurume, chumvi itoke kwenye njia za kupozea. Tazama jicho lake lisivyobanduka kwenye mchirizi mwembamba wa maji unaoruka kutoka ubavuni. Ukikatika, huenda impela ya mpira imeliwa, na boti ikitoka hivyo injini itaungua kabla haijavuka mwamba. Nyingi za injini hizo ni za mipigo miwili. Mashine inayosukuma meli kubwa ya makontena, ndefu kama nyumba ya ghorofa, nayo ni ya mipigo miwili. Ukimwelewa fundi huyu, mwalimu wa chuo atakuwa anakukumbusha tu.

Vyuo vipo: Bandari Maritime Academy, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, hata JKUAT kule Juja, mbali kabisa na chumvi. Kabla ya kulipa karo uliza swali moja: "Bahari nitaipata kwa meli gani?" Hapa ndipo vijana wetu wengi wanapokwama, na inaniuma. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa 1978, uliofanyiwa marekebisho Manila 2010, haumtambui afisa wa injini kwa diploma pekee. Kwa anayepitia mpango wa mafunzo ulioidhinishwa, unadai angalau miezi 12 ya karakana na bahari, na lazima awe ameshika zamu kwenye chumba cha injini kwa miezi 6 isiyopungua, chini ya usimamizi. Kazi hiyo huandikwa kwenye daftari la mafunzo. Kenya haina meli nyingi za bendera yake za kuwapakia wanafunzi, basi kijana anahitimu na kurudi Mtwapa kukaa, cheti kiko kwenye bahasha. Wewe anza kuandikia makampuni ya meli mwaka wa kwanza, usingoje siku ya joho. Pasipoti iwe tayari. Macho yapimwe mapema, kabla hujatumia miaka ya karo.

Halafu atatokea "mjomba" wa kukutafutia meli, anayetaka baba auze minazi. Huyo mfungie mlango. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kulipia mwenyewe ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Mwambie unataka kuona leseni yake ya Kenya Maritime Authority (KMA). Akianza kufoka, umeshajibiwa.

Meli ikichelewa, usikae barazani. Feri za Likoni zina injini, karakana ya AMGECO ya Mombasa hupandisha meli na kuzitengeneza, na mashamba ya chumvi ya Gongoni hayaendi bila pampu za kuvuta maji ya bahari. Lakini kabla hujaingia popote, waulize KMA ni kazi ipi itahesabiwa kwenye muda wako wa bahari, maana pampu ya chumvi itakupa ujuzi, haitakupa miezi.